Kisanduku cha Funzo

Katika kampuni ile ndogo ya vitabu vya watoto, kila hadithi iliishia kwenye kisanduku. Juu yake paliandikwa "Funzo", ndani mistari miwili, basi. Bila kisanduku hicho mhariri mkuu hakupitisha kitu.

"Mwalimu atauliza darasani, tumejifunza nini?" alizoea kusema. "Watoto wakibaki kukodoa macho, lawama zinarudi kwetu."

Msahihishaji wake, binti waliyemwita Nukta kwa jinsi alivyowinda nukta zilizosahaulika, hakuwahi kumbishia mpaka alipoandika hadithi yake mwenyewe. Ilimhusu mdogo wake, kitindamimba wa kwao, aliyezama miaka sita iliyopita katika shimo la msingi ambalo mafundi waliliacha wazi likajaa maji ya mvua. Majirani walitoa hukumu siku ile ile: mtoto mtundu yule, haambiliki. Mama yao alijua ukweli. Yeye ndiye aliyemtuma sabuni dukani, akampigia kelele, "Kimbia, usizubae!" Mtoto akakimbia, akakata njia kando ya shimo.

"Andika, mwanangu," mama alimwambia Nukta. "Wasome kwamba alitumwa. Nikiondoka mimi, nani atamsemea?"

Nukta akaandika. Mhariri mkuu alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Funzo liko wapi?"

"Halina, mzee. Mtoto alitii, akafa."

"Andika basi mashimo yafunikwe."

"Hilo si tangazo la ukutani, mzee?"

Mzee akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. "Haya. Kiache kitupu. Ila usinizoee."

Nukta alirudi mezani moyo mweupe. Aliamini kwamba mtoto atakayefika kwenye kisanduku kile atanyamaza kidogo, na katika kunyamaza kwake atamwonea huruma mwenzake. Kwake hilo lilitosha.

Lakini hakuna aliyemwambia mpanga kurasa. Huyo, waliyemwita Kamusi, alikuwa na daftari la mafunzo ya akiba. Kila alipokuta kisanduku kitupu alijua mwandishi amepitiwa, akachomeka lolote lililoenea mistari miwili. Kurasa za majaribio zilipoletwa azikague kabla ya kuchapwa, Nukta alisoma vizuri hadi pale ndala moja ya mdogo wake inapoelea majini. Hapo macho yakamjaa machozi. Ukurasa wa mwisho akautia sahihi bila kuusoma.

Siku vitabu vilipotoka, Kamusi alimpiga begani. "Nimekufichia aibu leo, Nukta! Mwindaji mzima unaacha kisanduku kitupu?"

Nukta akafunua kitabu pale pale aliposimama. Lori la kupeleka vitabu shuleni lilikuwa limeshaondoka.

Alasiri akampelekea mama nakala moja. Njiani alifikiria kuuchana ule ukurasa, akaona atakuwa amedanganya mara mbili. Mama alikuwa akifua. Alijifuta mikono kwenye khanga, akavaa miwani yenye mkono uliofungwa uzi, akaanza kusoma kwa kidole, neno kwa neno.

"Alitumwa," akasoma kwa sauti, akatabasamu. "Umeliandika."

Nukta aliomba kidole kichoke. Hakikuchoka. Kilishuka mpaka kisandukuni.

"Mtoto mtiifu... huepuka... mabaya. Je, wewe... unawatii wazazi wako?"

Maji yalisikika yakidondoka kutoka kwenye nguo zilizoanikwa.

"Hilo silo langu, mama. Wamelichomeka ofisini. Nami nikatia sahihi bila kusoma. Pale mwisho nilishindwa."

"Vimeshakwenda shuleni?"

"Vimekwenda."

"Kwa hiyo na huko watasema hakusikia."

Nukta alitoa kalamu akiukazia macho mstari ule, mama akamshika mkono.

"Usinichafulie. Mwanangu yumo humu." Akafunika kisanduku kwa kiganja kilichokunjamana kwa maji ya sabuni. "Nisomee tangu mwanzo. Ukifika hapa, nyamaza."

Nukta akasoma. Safari hii hakuishia kwenye ndala. Alipofika kwenye kiganja, akanyamaza.

Ng'ambo ya ukuta, jirani alikuwa akimtuma mwanawe dukani. "Na ukimbie!" akamwambia. Mama akakikaza kiganja juu ya karatasi, asikiondoe.