Naomba Kula Zenu

Mokami alikuwa darasa la sita katika shule moja ya Nyanungu, na kitu kimoja tu kilimkosesha raha: herufi L. Kikurya cha nyumbani kwao hakina habari na herufi hiyo, basi akakua akisema mrango na kurara, na hakuna aliyeona kasoro mpaka alipokuja Gift.

Gift alikuwa mtoto wa muuguzi aliyehamishiwa zahanati ya kijiji kutoka Morogoro. Walikaa dawati moja, wakagawana mahindi ya kuchoma na siri zote. Halafu siku moja Mokami akasimama kusoma kwa sauti, "Mwarimu arifungua mrango," na Gift akaangua kicheko. Darasa zima likafuata. Tangu hapo wakamwita Mrango, na mwezi mzima hakumsemesha Gift. Alikaa karibu naye kama aliyekaa karibu na begi la mtu.

Roho ikamsuta Gift. Akaomba radhi, akajitolea kumfundisha. Kila jioni wakajificha nyuma ya stoo ya mahindi: lala, lima, lulu. Ulimi wa Mokami ukachoka, ila ukakubali. Aliapa hatachekwa tena, maana alikuwa anagombea ukiranja mkuu.

Na aliutaka kweli, wala si kwa sifa. Saa ya chakula, Wangwe na genge lake la darasa la sita walijipanga mbele, wakala makande mara mbili. Darasa la kwanza, Amos mdogo wake Mokami akiwemo, waliambulia ukoko. Mpinzani wake kwenye uchaguzi alikuwa huyo huyo Wangwe.

Siku ikafika. Wangwe aliahidi mpira mpya, akapigiwa makofi. Mokami akapanda ngazi ya ofisi, akavuta pumzi, akaulaza ulimi alivyofundishwa.

"Wanafunzi wenzangu, naomba kula zenu."

Shule nzima ikavunjika mbavu. "Mrango ana njaa," Wangwe akapaza sauti. "Mpeni makande."

Mokami akamtafuta Gift kwa macho. Angemkuta anacheka, angeshuka pale pale aende zake nyumbani. Lakini Gift alikuwa ameziba mdomo kwa viganja, machozi yanamlenga, anatikisa kichwa. Hapo Mokami akaelewa. Neno alilolisema sawasawa tangu azaliwe, ndilo amelivuruga kwa kujifunza sana. Ikamwingia kuwa jambo lenyewe linachekesha, na yeye akacheka.

"Nimesema kula, na kula ndiko ninakokutaka," akasema. "Mkinichagua, darasa la kwanza watakula kwanza, halafu la pili, hivyo hivyo mpaka juu. Wangwe atakula mwisho, maana ameshakula cha mwaka mzima."

"Huwezi," Wangwe akasema.

"Nyamaza wewe, mura. Ninyi wadogo, nani jana alikula ukoko?"

Mikono midogo ikanyooka uwanja mzima.

Mwalimu Cleophas akaamuru kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Gift alikuwa wa kwanza, alikuja mbio hadi kiatu kikamtoka. Nyuma yake Amos, nyuma yake darasa la kwanza lote wakisukumana, kisha la pili na la tatu. Mstari wa Mokami ukapita mlingoti wa bendera, ukafika golini. Nyuma ya Wangwe walibaki tisa, na wawili kati yao walikuwa wanachungulia upande wa pili. Mwalimu hakuhesabu. Mokami alisimama pale mbele amejaa furaha.

Kesho yake mstari wa chakula ulianza na wadogo. Amos akawajia Mokami na Gift, maharage yamemganda kidevuni.

"Dada, tumekura."

Gift akafungua mdomo kumsahihisha. Akamtazama Mokami, akaufunga, kisha akamwinamia mtoto.

"Mmekura mkashiba?" akauliza.

Mokami akacheka mpaka sahani ikamponyoka.