Simu Iliyofunguka kwa Bisibisi

Chepkoech alitoka Kericho kuja Juba kukusanya ushahidi kuhusu watu waliopotea. Mwezi wake wa tatu huko alibadilisha simu. Aliyemshawishi ni Cyril, fundi wa kompyuta wa ofisi yao pale mtaa wa Buluk.

"Hiyo yako hujui ndani kuna nini," Cyril alimwambia. "Hii michoro yake yote iko wazi mtandaoni. Maikrofoni unaizima kwa swichi. Unatoa skrubu nne tu, unaona kila kitu."

"Na nikinyang'anywa?"

"Hawatakuta jasusi ndani."

Aliuliza jambo moja, akajibiwa jingine. Hakugundua.

Wiki hiyo alivuka daraja la mto Nile hadi kitongoji cha Gumbo, kwa Janepher, mama wa Kiganda aliyepika chapati kando ya barabara ya Nimule. Janepher aliwaona vijana wawili wakipakiwa kwenye gari lisilo na namba, na aliyewapakia alimjua kwa sura.

"Mimi iko na watoto," alisema. "Jina yangu isitoke."

"Halitatoka, mama."

Akamrekodi kwa simu hiyo mpya, dakika kumi na tisa.

Akirudi, darajani wanaume waliovaa kiraia walimshusha kwenye boda, wakampeleka kwenye nyumba yenye geti jeusi. Mkubwa wao alimwomba namba ya siri ya simu, akakataa. Hakuna aliyempiga. Mwenzao alitoa skrubu nne, akachomoa kadi ya kumbukumbu, akaichomeka kwenye kompyuta. Kadi haikuwa na kufuli lolote. Kabla chai ya mkubwa haijapoa, sauti ya Janepher ilikuwa imejaa chumba.

"Simu ya kawaida ingetushinda," mkubwa alisema, kwa Kiswahili cha mtu aliyesomea Nakuru. "Hii mmetuachia mlango wazi. Huyu mama yuko wapi?"

Chepkoech alitikisa kichwa.

"Sawa. Nasikia mafuta yakichemka hapo nyuma, na boda yako ilitoka Gumbo. Tutabeba wapika chapati wote wa Gumbo, mmoja mmoja, mpaka tuipate sauti hii."

Alifikiria wanawake wale, pengine thelathini. Alilia kwanza, kisha akasema Janepher alipo.

Walimkalisha kiti cha mbele cha gari, kioo kikiwa chini, ili awaonyeshe. Janepher alipomwona alitabasamu, akafuta unga mikononi, akaja mwenyewe kumsalimia.