Wimbo Uliovuja Mapema

Esha, mwimbaji wa taarabu kutoka Mlingotini, alikuwa akipita na mama yake karibu na soko la Bagamoyo aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika ya duka la simu la Taher. Ulikuwa wimbo wake mpya, ambao alikuwa hajautoa bado. Akaingia dukani amefura, mama yake akimfuata nyuma.

"Kaka Taher, nani kakupa ruhusa ya kuwawekea watu wimbo wangu kwenye simu?"

Taher akapunguza sauti. "Dada, umezagaa WhatsApp. Nikadhani ni wa wote."

"Kuzagaa si ruhusa. Sheria ya hakimiliki inamlinda aliyetunga. Kwanza niambie, kakurushia nani?"

Taher akajikuna kidevu, kisha akaamkia kwa adabu kubwa, "Shikamoo, Bi Ashatu."

"Marahaba," akaitikia mama yake Esha, huku akiyakagua makava ya simu ukutani kama anayetaka kuyanunua yote.

Esha akageuka polepole. "Mama! Si nilikupa usikilize peke yako?"

"Nilisikiliza. Ukanichoma moyo, nikamrushia shangazi yako, na kundi la harusi, na Taher. Wewe nimekuzaa mimi, wimbo wako nikauombe kwa nani?"

"Kwangu, mama."

Taher akaufuta wimbo mbele yao na kuomba radhi. Esha alijitahidi kununa, lakini walipofika kituo cha bajaji mama yake akamshika mkono.

"Haya, mwenye mali. Nikiuimba jikoni nitashtakiwa?"

Esha akashindwa kujizuia, akacheka. "Imba, mama. Ila simu niachie mimi."