Pini ya Gurudumu la Nne

Msije mkasema Mzee alikuwa mvivu. Kila asubuhi alifika gereji kabla ya binti yake, akafagia, akapanga spana kwa ukubwa, akachemsha chai ya wateja. Ila gurudumu hakuligusa. Alikula kiapo, na kiapo chake kilikuwa kigumu kuliko kichwa chake, na kichwa chake, muulizeni bintiye, kilikuwa jiwe.

Sababu mtaa mzima uliijua. Enzi zile gereji ikiwa mikononi mwake, aliletewa tela la kulala la rangi ya kijani, zile nyumba ndogo za magurudumu manne zinazovutwa na gari. Akafungua beringi, akazisafisha, akatia grisi, akafunga. Baada ya miezi kadhaa gurudumu la nyuma la kulia likachomoka barabarani, likaenda kubomoa ukuta wa duka. Hakufa mtu, Mungu mkubwa. Lakini nati ilikuwa imepotea, na ile pini ya miguu miwili, inayopita kwenye nati na ekseli kisha ikakunjwa ncha, nati isijifungue yenyewe, haikuonekana popote. Mwenye tela akaja kusimama getini, mtu yuleyule aliyezoea kujisifu kwamba analivusha mtoni maji yakijaa, akapaza sauti: "Fundi gani huyu anasahau pini!" Na watu, bwana, kwa maneno kama hayo hawaitwi mara mbili. Siku hiyohiyo akabatizwa Mzee Pini.

Binti yake alikuwepo wakati wa kazi ile, akimmulikia. "Baba, uliiweka. Nilikuona kwa macho yangu ukiikunja." Alimwambia asubuhi, alimwambia wakila, alimwambia mpaka ulimi ukachoka. Mzee akawa anaitikia, "Ahsante, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayepewa pole msibani. Mtoto akimpenda baba yake atasema lolote, ndivyo alivyojiambia. Yeye mwenyewe kila akijaribu kuikumbuka pini ile aliona giza tupu. Mtu akishaitilia shaka mikono yake, utamtuliza na nini?

Basi siku moja akaingia muuguzi mstaafu na tela jeupe, la kununua mkononi.

"Mimi na mume wangu tumelea, tumesomesha, tumeozesha," alisema. "Sasa ni zamu yetu kuzurura. Lakini kwanza niangalieni hayo magurudumu. Vidonda vya ajali nimefunga vya kutosha."

Binti akapiga jeki, akashika gurudumu la mbele juu na chini, akalitikisa. Halikucheza. Akalizungusha, akatega sikio. Lilizunguka kimya kabisa. Mzee kwenye kiti chake akapuliza chai iliyokwisha kupoa zamani, anajifanya hana habari. Binti akabandua kifuniko cha katikati, akapangusa grisi, halafu akageuka.

"Baba, njoo uone."

"Naona nikiwa hapahapa."

"Huoni kitu hapo ulipo. Njoo, bwana!"

Akajikokota. Mguu mmoja wa pini ulikuwa umelazwa juu ya ncha ya ekseli. Wa pili umekatwa mfupi, ukabanwa ubavuni. Kila fundi ana mkunjo wake, na huo ulikuwa wa Mzee, hakuna mwingine aliyejisumbua kiasi hicho. Akakwaruza rangi ya tela kwa ukucha. Chini ya nyeupe ikatokea kijani. Lilikuwa tela lilelile.

Binti akachomoa beringi, akaiosha kwa mafuta ya taa, akamwekea baba yake kiganjani. Akaipokea kabla hajakumbuka kiapo. Vile vichuma vya mviringo vya ndani yake viling'aa vyote, hakuna kilichochubuka. Mzee alikuwa ameshika beringi maisha yake yote, lakini siku hiyo aliiogopa, ile hofu ya mtu anayeingia mahali patakatifu. Nyumba nzima, kitanda, jiko, tangi la maji na usingizi wa watu wawili, vyote vimekalia vichuma visivyofika unene wa kidole cha mtoto! Barabara ngapi zile, mvua ngapi, na vyenyewe gizani humo vimezunguka tu bila kudai shukrani. Na mikono iliyoviweka ni hii hii. "Mungu wangu," alisema, "Mungu wangu we."

La pili lilikuwa hivyohivyo. La tatu pia. Kisha binti akabandua kifuniko cha la nne, la nyuma kulia.

Hapakuwa na pini. Mtu alikuwa ameiponda nati kwa patasi ili ishike, basi.

"Yaani tumekuja nalo hivi?" Muuguzi alijishika kichwa.

Binti alifungua nati, akavuta kila kitu, akafuta ekseli. Ilikuwa na alama ya bluu, chuma kilichowahi kuungua. Akamulika tundu la pini. Mwanga haukutokea upande wa pili. Akachokoa kutu kwa sindano, akachokoa tena, sindano ikagonga chuma.

"Baba," aliita, "imo. Pini imo."

Ilikuwa imo, imekatika pande zote mbili. Beringi ilipoungua, nahisi maji ya mtoni ndiyo yaliyoingia, iling'ang'ania nati na kuizungusha kwa nguvu, nati ikakata miguu ya pini, kiwiliwili kikabaki tunduni. Na fundi aliyepewa tela baadaye alikiona! Kikamshinda kukitoa, akaponda nati, akala hela yake na kunyamaza. Kuna watu hawana haya.

Mzee alichuchumaa, akaweka ncha ya kidole kwenye tundu.

"Niliiweka," alinong'ona. Kisha akapiga ukelele, "Mwanangu, niliiweka!" Akacheka huku machozi yanamtoka, na muuguzi akapiga makofi bila hata kujua kisa.

Binti hakucheka. Alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nilikwambia."

"Uliniambia, mwanangu."

"Miaka yote hii, baba. Kipande cha kutu kimesema mara moja tu, umekiamini."

Mzee akaacha kucheka. Siku zote Mzee alidhani anajitilia shaka mwenyewe, hamdhuru mtu. Kumbe kila alipoitikia "ahsante, mwanangu," alikuwa anamwita mtoto wake mwongo, tena kwa upole.

"Nilidhani unanifariji," alisema.

"Najua. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaniuma."

"Nisamehe, mama yangu."

Binti aliinama akaegemeza paji la uso begani kwa baba yake, mbele ya mteja, na grisi zake zote, akalia kwa sauti. Mzee hakumwambia anyamaze.