Panya Niliowavusha Mtaro

Nimelelewa bwenini, ambako kengele ilikuwa baba na mama, na tangu hapo sijaichezea kanuni niliyoikubali. Nilipozipokea kanuni tano za Buddha, chumbani juu ya duka la fundi viatu, pamoja na wenzangu sita, nilizishika kama nidhamu, si kama pambo. Ya kwanza: kutoua kiumbe chenye uhai.

Mimi ni mtunza ghala wa kiwanda cha mikate. Panya walipozidi, nilikataa sumu. Nilitega masanduku ya waya yanayomfungia mnyama bila kumjeruhi, na kila alfajiri niliwavusha mtaro hadi nyuma ya tanuri kuukuu la matofali, nikawafungulia.

"Mtakatifu," mchoma mikate alinitania, "leo umewasindikiza wangapi?"

"Tisa."

"Na nauli umewapa?"

Sikucheka. Nilijiona nimewapita wote pale kiwandani.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amemwacha mumewe akaenda kuishi na dereva wa lori. Kanuni ya tatu, ya kutozini, hairuhusu hayo, nami nikakata mguu kwake. Aliponitumia salamu kwamba wamehama, sikuuliza wamehamia wapi. Nalo hilo nililiita msimamo.

Siku ya Jumanne, jirani yake alinijia ghalani. "Dada yako anakuita. Mtoto ameng'atwa na panya."

Nilimfuata. Tukavuka mtaro, tukalipita tanuri. Njia ile niliijua kuliko yeye.

Chumba kilikuwa kimoja, ukuta umebanduka chini. Mtoto, wa miezi mitano, alilala mkono umefungwa bandeji iliyokwisha kulowa. Homa yake niliihisi kabla sijamgusa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Tulipohamia hawakuwapo. Mwezi huu wamekuwa kama mvua. Sijui wanatoka wapi."

Hakuwa ameniuliza. Kanuni ya nne inakataza uongo. Haimlazimishi mtu kusema. Mlango huo niliuona vizuri, ukiwa wazi.

"Wanatoka ghalani kwangu," nikasema. "Mimi ndiye ninayewaleta."

"Unawaleta?"

"Nisiwaue."

"Na huku ulidhani wanaishi akina nani?"

"Sikufikiri."

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kaka. Lakini huu hukujichoma wewe."

Akatoa kikopo cha sumu chini ya kitanda. "Nilikuwa namngoja baba yake arudi safari. Tia wewe."

Nilikishika. Mkono haukukifungua. Akakichukua, akachanganya mwenyewe na makombo ya mkate wa kiwanda chetu, akapanga kando ya ukuta huku mtoto akinung'unika.

"Nenda zako," alisema bila kugeuka. "Mikono yako bado safi."

Nilirudi ghalani. Masanduku matatu yalikuwa yamenasa panya. Niliyatumbukiza kwenye pipa la maji, moja baada ya jingine, nikayashikilia mpaka waya ulipoacha kutikisika.

Ijumaa mtoto alikatwa vidole viwili hospitalini.

Jumapili tulikaa juu ya duka kama kawaida. Wenzangu walipoitamka kanuni ya kwanza, nilinyamaza. Fundi viatu akaniinamia.

"Umesahau, mzee?"

"Sijasahau," nikamjibu, na wao wakaingia kanuni ya pili.