Teke la Kunivusha Uganda

Mwaka wa 1966 nilimtoa mke wangu Selpher katika nyumba za reli pale Makongeni, Nairobi, nikamleta kwenye ekari zetu tatu na ng'ombe mmoja mwenye ndama, karibu na Malaba, mpakani na Uganda. Alivumilia choo cha shimo, akavumilia na kuku kulala jikoni. Lakini kunywa chai ya rangi kila siku, hapana.

"Mzee, nakupa mpaka Jumamosi," akaniambia. "Huyo ng'ombe asipotoa maziwa, mimi narudi Nairobi."

Mimi nilikuwa nimeapa sirudi. Kila asubuhi nilimfunga ndama nyuma ya ghala asituibie maziwa, kisha nikakaa kukamua. Halikutoka hata tone. Ijumaa ng'ombe akanipiga teke moja, nikapaa juu ya mto Malaba, nikatua Uganda na ndoo yangu mkononi. Askari wa forodha akaniuliza nimebeba nini.

"Ndoo tupu, afande. Ng'ombe amekataa kukamuliwa."

"Na ndama yuko wapi?"

Nilipomweleza, alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Kweli wewe ni wa mjini. Ndama anyonye kwanza, ndipo mama yake aachilie maziwa."

Nilirudi kwa miguu.

Jumamosi nikamfungua ndama. Aliponyonya kidogo nikamvuta kando, nikakamua nikiwa nimefumba macho, nikingoja kupaa tena. Maziwa yakatoka.

Selpher alipika chai, akanywa vikombe viwili.

"Haya hayatutoshi," akasema mwishowe. "Tafuta ng'ombe wa pili."