Sauti Nyuma ya Blanketi

Mwaka sabini na sita Kitwana alikuwa mhakiki kwenye ofisi moja ya ensaiklopidia, ghorofa ya pili, jirani na Mnazi Mmoja. Anasoma makala za watu, anazirekebisha, ndiyo zinaenda kiwandani. Siku hiyo akaletewa makala ya wimbo. Ule wimbo bwana, wa ile sinema ya bibi harusi wa Gerezani, mji mzima walikuwa wanauimba mpaka kwenye foleni ya unga.

Akasoma mistari miwili, akaweka kalamu chini. Makala inasema kaimba yule mwigizaji aliyecheza bibi harusi. Wapi. Yule alikuwa anachezesha mdomo tu. Aliyeimba ni Sabaha, dada yake Nasor muuza vitambaa wa Mtaa wa Sikukuu. Kitwana anajua kwa sababu fidla alipiga yeye, hatua tatu kutoka kwenye blanketi walilotundika ili binti wa watu asionekane na wanamuziki. Miezi minne ya mazoezi, uso wake hakuwahi kuuona. Akampenda hivyohivyo, kwa sauti. Halafu Sabaha akaolewa Maskati, na sasa mwaka wa tano huo, hata salamu hakuna.

Makala ikaendelea kusifu honi ya treni inayosikika mwishoni, eti ni ufundi wa hali ya juu. Kitwana akacheka peke yake. Treni ilipita tu, na tepu ilikuwa imebaki hiyohiyo moja, wakashindwa kurekodi upya.

Akaenda kwa mkuu wake, Mama Severa.

"Mama, jina hapa si lenyewe. Naomba niweke la aliyeimba."

"Shahidi wa kwanza wewe. Wa pili yuko wapi?" Ndiyo ilikuwa sheria ya ofisi: ukibadilisha jambo, watu wawili waliokuwepo wanatia sahihi pembeni. "Na usiniletee mpiga ngoma mlevi kama mwezi uliopita."

Ila Kitwana hakuwa anatafuta usahihi tu. Vitabu vile vilikuwa vinapelekwa hadi nje. Akawaza, huenda siku moja Sabaha atafungua kimoja huko aliko, akute jina lake, ajue kuna mtu Dar bado anamkumbuka. Huenda akaandika.

Shahidi wa pili alikuwa mmoja tu. Nasor ndiye aliyempeleka dada yake mazoezini, mama yao akidanganywa kwamba binti yuko kwa fundi cherehani. Kitwana akamkuta dukani, rafu tupu, majora matatu ya kaniki basi.

"Miaka yote hujakanyaga hapa," Nasor akasema, "leo unakuja na karatasi. Umekuwa serikali?"

"Soma kwanza, shemeji."

"Shemeji yako nani? Mahari ulileta lini, nikiwa nimelala?"

Akasoma. Akasoma tena. Utani ukamtoka usoni.

"Nilimwapia mama halitajulikana. Na mumewe hajui, Kitwana."

"Hajui kama aliimba kwenye sinema?"

"Hajui kama anaimba. Siku hizi haimbi kabisa. Ameandika mwenyewe, watoto wawili, afya njema, haimbi."

Kitwana akakaa juu ya kreti. Angeweza kuliandika jina. Na huko Maskati lingemfikia mume kabla ya Sabaha.

Akachukua kalamu, akafuta jina la mwigizaji, akaandika: *Aliyeimba haonekani kwenye picha. Jina lake limehifadhiwa kwa ombi la nduguze.*

Nasor akasoma, akatia sahihi taratibu. Halafu akauliza, bila kumtazama, "Honi ya treni mmeiacha?"

"Nimeandika ilipita yenyewe."

"Alicheka sana siku ile," Nasor akasema. "Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Jioni Mama Severa akakagua sahihi mbili, akaingiza karatasi kwenye taipu. Akafika kwenye ule mstari, akasimama.

"Ndugu Kitwana, niache nafasi ya jina? Watu hubadilisha mawazo."

Kitwana akasogea kwenye taipu.

"Iache, mama."

"Kubwa kiasi gani?"

Akaweka kidole gumba juu ya karatasi, pale pembeni ya neno *aliyeimba*, akakibakisha hapo mpaka mama wa watu akamwambia akitoe, apige chapa.